Sakafu Yangu ya Mvule

Jumatatu, 9 Januari 1989

Nimefagia, nimepangusa, nimepangusa tena. Sakafu ya sebule bado nyeusi kama chini ya sufuria. Mifuko ya simiti imejaa barazani, napita kwa kujibana.

Wafula ameondoka asubuhi kwenda kozi ya kilimo Mabanga. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo na fundi wa simiti, mbao zing'olewe. Yote kwa sababu mama mkwe aliteleza hapa Krismasi akaumia nyonga. Sasa Kabuchai nzima inajua kwamba nyumba yangu, mimi Nanjala, inaangusha wazee.

Nyonga imepona. Aibu yangu bado.

Nimemwambia hii ni mvule, huwezi kuipata tena. Nimeomba niisafishe mwenyewe. Akasema sawa, akirudi akaikuta safi na isiyoteleza, simiti itajenga zizi. Halafu akacheka. Kicheko hicho ndicho kimeniwasha.

Jumanne, 10 Januari

Nimesogeza kabati. Chini yake, mahali mikono haikufika, mbao ni rangi ya asali! Nimeitazama mpaka uji ukaungua.

Miaka yote tumepaka mishumaa iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya taa, kama nyumba nyingi hapa Matisi, tukang'arisha kwa kipande cha blanketi miguuni. Kumbe tulikuwa tunaizika.

Jumatano, 11 Januari

Vanishi. Nimeinunua mjini kwa Mama Harjit, yule mama wa Kisikh mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Sikumuuliza kitu. Kupaka ni kupaka.

Nimemaliza sebule kabla ya saa kumi. Inang'aa. Mimi ni mwanamke hodari na Wafula atanitambua.

Alhamisi, 12 Januari

Haijakauka. Inanata kama ulimbo. Kuku ameingia, ametoka na miguu mizito, ameacha manyoya katikati ya nyumba.

Nimelia. Halafu nimemfukuza kuku mpaka kwa jirani, kana kwamba ni yeye aliyenunua vanishi.

Ijumaa, 13 Januari

Nimerudi kwa Mama Harjit, nimemweleza yote, mpaka kuanguka kwa mama mkwe. Hakunicheka. "Wewe iko haraka sana, mama," akasema. "Mshumaa iko chini, vanishi itashika wapi? Toa yote kwanza, pangusa na spiriti. Na usipake mshumaa tena. Hiyo ndio iliangusha mama ya bwana yako."

Kwa hiyo mbao hazina hatia. Nimetembea kurudi nyumbani nikiongea peke yangu barabarani. Watu wameniangalia. Waangalie tu.

Jumamosi, 14 Januari

Kukwangua. Vipande vya kioo cha dirisha, ncha nimezifunga kitambaa. Mafuta ya taa, matambara, matambara mengine. Uchafu unatoka kama lami. Magoti yamevimba. Vumbi la mvule linawasha pua, nimepiga chafya hadi mbavu zinauma.

Nimefika nusu tu. Naogopa.

Jumatatu, 16 Januari

Jana sikwenda kanisani. Mungu anajua niko wapi: niko chini, kwa magoti, kama wengine wote.

Leo nimemaliza kukwangua na kupangusa kwa spiriti. Msasa, kufuata urefu wa ubao, si kukata katikati. Nimefungua milango yote jua liingie. Sebule nzima ni asali. Nimepiga vigelegele peke yangu.

Jumanne, 17 Januari

Nimejiharibia tena. Nimepaka vanishi kama mtu apakaye ukuta, kipande hapa, kipande pale. Katikati nikaenda kunywa chai. Niliporudi ukingo ulikuwa umekauka, na sasa kuna mstari umekata chumba chote. Hata kipofu angeuona.

Nimejikasirikia sana. Mimi, niliyesiriba sakafu ya mama kwa udongo na samadi kila Jumamosi nikiwa msichana! Nani husiriba huku na huku? Unaanza ukuta wa mbali, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni, mkono haupumzi mpaka utoke. Ukiacha katikati, mshono unabaki na kijiji kizima kinajua wewe ni mvivu.

Kesho msasa tena juu ya mstari.

Jumatano, 18 Januari

Nimenyunyiza maji uani vumbi lisipande. Nimefungia kuku. Nimeanza ukuta wa mbali.

Sikunywa chai. Sikujibu hodi. Nimetoka mlangoni kwa makalio, burashi mkononi, na hakuna mstari. Hakuna!

Ijumaa, 20 Januari

Mkono wa pili wa vanishi, niliopaka jana, umekauka. Nimebonyeza kidole gumba, hakuna alama. Nimevaa soksi, nimekimbia kutoka mlango hadi mlango kama mtoto. Sikuteleza.

Kesho ni kesho.

Jumamosi, 21 Januari

Wamekuja. Wafula, fundi na nyundo zake, na mama mkwe mwenyewe, aliyekuja kuona mbao zikitoka.

Fundi alifika mlangoni, akasimama, akavua viatu. Hakuna aliyemwambia. "Bana, hii mimi sivunji," akasema. "Si mtatafuta mtu mwingine."

Wafula naye akavua viatu.

Mama mkwe aliingia na fimbo. Aligonga ubao mmoja, akagonga mwingine. Akavuka chumba polepole, akarudi bila kushika ukuta. Halafu akaacha viti vyote, akakaa chini, akanyoosha miguu na kupapasa mbao kwa kiganja.

"Nanjala, nani alikufundisha kusiriba?"

"Ni mama, Mayi," nikamjibu mama mkwe.

"Alikufundisha vizuri." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, ati unataka kuvunja? Mimi leo nitarara hapa."

Tangu aanguke alikuwa ameapa hatalala nyumba hii. Nilikimbilia jikoni, nikauma kanga nisipige kelele. Nimeshinda. Nimeshinda kabisa.

Jumapili, 29 Januari

Nimetoka kanisani, nyumba kimya. Wafula wiki nzima amekuwa akikwangua chumba cha kulala.

Leo amepaka vanishi. Ameanzia mlangoni.

Nimemkuta amekaa kwenye ukingo wa dirisha, upande wa ndani, burashi mkononi, sakafu yote mbele yake imelowa. Hakuniangalia. Nimezunguka nje, nikampa kikombe cha chai kupitia dirishani. Akanywa. Amepaka vizuri, hakuna mstari. Baadaye nimemshikia kiti akashuka upande wa nje.