Niliandika Umekufa, Sasa Unachipua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kabla mwezi huu wa tano haujaisha, maana mtofaa utang'olewa kwa sababu ya karatasi yangu.

Mimi ni karani mpya katika shamba la majaribio karibu na Mto Yenisei, na mwezi wa tatu nilitumwa kukagua mitofaa baada ya baridi ya nyuzi arobaini na saba chini ya sifuri, lakini theluji ilinifika kiunoni na viatu vyangu vya sufu vilikuwa vimelowa, kwa hiyo kwa mtofaa mmoja nilikwangua gome la matawi yaliyojitokeza juu tu, nikakuta ndani ni kahawia kama chai, si kijani kibichi, nikaandika "umekufa", na mkuu wangu akatia sahihi.

Mtofaa huo aliupandikiza juu ya shina la mtofaa mwitu Bibi Glafira, aliyestaafu kwa ugonjwa wa magoti, na mwingine wa aina yake haupo. Aliposikia, aliniuliza, "Uliukwangua vizuri, mwanangu?" Nikajibu, "Vizuri, Bibi." Akanimiminia chai.

Juzi theluji iliisha, nikaona chipukizi la kijani karibu na ardhi, nikashangaa hata nikasahau kuogopa: uhai ulikuwa umejificha wapi? Foma, dereva wa trekta, akanicheka: "Hilo limetoka kwenye mizizi ya mwitu tu, karani. Maiti wako anakupungia mkono!"

Je, ni kweli? Na nikikiri, si nitafukuzwa?

Zakhar

Zakhar,

Pole, lakini umenikasirisha. Matawi yaliyokuwa nje yaliungua kwa baridi. Yaliyofunikwa na theluji yalikuwa na blanketi. Wewe ulipima kofia ukamtangaza mtu marehemu!

Foma huenda amepatia, huenda amekosea. Ondoa udongo kwa kijiko, utafute kovu la pandikizo, uvimbe kwenye shina. Chipukizi likitoka juu ya kovu, huo ni mtofaa wa Bibi. Likitoka chini, ni mwitu.

Lakini usichimbe bado. Usingoje habari njema ndipo useme kweli. Kesho asubuhi mwambie mkuu, "Sikuchimba theluji," na umpe ombi la maandishi mti usiguswe. Anaweza kukufukuza, sikufichi. Ukitoka hapo nenda kwa Bibi Glafira, umwambie maneno yale yale, kisha mwombe Foma ampakie kwenye trekta hadi kwenye mti. Kijiko ashike yeye.

Chipukizi likiwa juu ya kovu, mwache Bibi awe wa kwanza kusema. Likiwa chini, usijitetee. Mpe mkono ainuke.