Shati Jeupe la Mabega

Alhamisi, Umoja

Sijawahi kumwambia mtu: naogopa ndege.

Likizo iliyopita Mjomba, ambaye hupakia mizigo uwanja wa ndege, alinitafutia nafasi kwenye ndege ndogo ya kwenda Mara. Uwanja wa huko ni nyasi tu, tena mfupi. Magurudumu yaligonga chini, tukarushwa juu, tukagonga tena. Rubani akacheka. "Hapa hakuna kutua polepole, kijana. Utaishia kwa nyumbu."

Nilijua. Nimeyasoma hayo yote. Lakini nilishikilia kiti hadi tuliporudi Nairobi, na bado nikilala nausikia ule mshindo. Siwezi kupanda tena.

Jumapili kanisa linafanya harambee ya kunipeleka shule ya urubani. Leo Mama Achieng, jirani wa chini, amenisimamisha kwenye ngazi. "Kapteni, Krismasi utatupeleka Busia, ama bado tupande basi?" Nikacheka pamoja naye.

Nilipanga kumwambia Mama baada ya chakula, lakini...

Alikuwa kwenye cherehani, akinishonea shati jeupe la Jumapili. Akaniita. Nikalivaa, nikasimama wima, naye akanibandika vitambaa vyeusi mabegani kwa pini, kama vya rubani.