Mama Mkwe Hatoki Mlangoni Kwangu

Shangazi mpendwa wa ukurasa huu, niokoe kabla sijabaki peke yangu na printa. Mimi ni fundi, tumeoana juzijuzi, na nyumbani nina chumba ninachokifunga kwa ufunguo, humo nachapa njia za umeme juu ya plastiki laini inayokunjika, printa ni kama ya ofisini ila wino wake ni wa fedha, nachapa tabaka moja nalikausha, juu yake tabaka la kuzuia umeme, halafu fedha tena, mpaka nipate kibandiko cha kumwekea mtoto kwenye paji la uso, akipata homa kijitaa kinawaka. Mke wangu hajui, nilitaka kumshtukiza siku kitakapowaka. Sasa mama mkwe amekuja, na kutwa anafagia mlangoni kwangu, nasikia bangili zake za fedha zikilia hapo nje, vumbi linapenya, chembe moja ikitua tabaka la kati inaacha kitundu, fedha ya chini inagusana na ya juu, kibandiko kimekufa, na mimi kumkataza mama mkwe kufagia nitaanzia wapi jamani! Aliponiuliza nafanya nini nilimjibu kwa heshima, “Mama, nachapa kwa fedha.” Akanong'ona, “Na zinakubali, baba?” Nikamwambia, “Bado, mama, zikikubali tutachapa nyingi tuziingize sokoni,” akashika kifua akaondoka. Jana nimemkuta anamsaidia mke wangu kufunga mizigo, wanaondoka Jumamosi, mke wangu analia tu. Nampenda, Shangazi. Nimekosa nini?

Fundi wa Vibandiko

Ewe mwanangu! Nimecheka mpaka miwani ikadondoka, kisha nikakukasirikia. Soma tena ulichoandika. Chumba umekifunga, printa inanguruma, na mama wa watu unamwambia unachapa fedha, zikikubali utaziingiza sokoni! Ameelewa kwamba bintiye kaolewa na mchapa noti bandia. Hafagii huyo, anakulinda, akihofia polisi watakukuta ndani.

Pole, najua hukukusudia. Ila mke hashtukizwi kwa kufungiwa mlango, acha utoto. Leo hii, si Jumamosi, fungua chumba, waite wote wawili, wachapie tabaka moja wakiona kwa macho yao. Ufagio uweke mbali, tumia kitambaa chenye maji, na upige deki wewe mwenyewe. Mama akiuliza fedha ziko wapi, usianze kumfundisha umeme. Mshike mkono, mwonyeshe bangili zake, umwambie, “Mama, fedha yangu ndiyo hii.”