Mtoto Aliyelala Kwenye Treni

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Makanyagio sisi wazima. Bibi yako goti limepoa, kashapanda mahindi kule Magamba. Unaniuliza kama uache kazi ya kupima maji maabara huko Dodoma, kwa sababu hakuna anayejua kama upo.

Mimi ujanani nilikuwa nakaza nati za reli. Kila siku natembea kipande changu kwa miguu, na kazi yenyewe naichukia. Asubuhi moja treni ya Kaliua ikanipita. Dirishani mama alikuwa amepakata mtoto, na mtoto kalala fofofo. Yule mama hata hakuniona. Nikachukua spana, nikarudia nati zote nilizoziruka kwa uvivu.

Huko Dodoma kuna mtu anakunywa maji sasa hivi, wala hakuwazi. Kesho nenda kapime.

Babu yako