Kadi Sita, Sindano Tano

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI WA GHOROFA YA PILI
KAMATI YA SAFARI: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA

Tarehe: Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa pili
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa
Muda: Kilipangwa saa nane mchana. Kilianza saa nane na dakika thelathini na tano kwa sababu Mwenyekiti alikuwa anamalizia kazi ya mteja wake. Sisi wengine, inaonekana, hatuna wateja.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, fundi wa sare za shule
2. Katibu, fundi wa mapazia, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Mshona Magauni, binti wa Katibu na mke wa mtoto wa Mwenyekiti
4. Bwana Pasi, fundi wa suti
5. Fundi Vifungo
Mgeni mwalikwa: Muuguzi wa kliniki ya wasafiri

ASIYEHUDHURIA
Fundi wa Viraka. Hakutoa udhuru.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliomba cherehani na simu zizimwe. Alikumbusha kwamba zimebaki siku ishirini kabla ya wajumbe sita kwenda kwenye maonyesho ya mavazi katika nchi ya joto, na kwamba sisi tuliozaliwa kwenye baridi hatujui mbu ni nini. Alisema chama kimealikwa kwa ajili ya gauni moja tu la harusi, alilolishona Mshona Magauni kwa miezi kadhaa, na hataki mtu arudi amebebwa.

Kumbukumbu za kikao cha sita zilisomwa. Mwenyekiti alitaka neno "alifoka" libadilishwe liwe "alisisitiza". Lilibadilishwa. Waliokuwepo wanajua.

KUMB. NA. 2/7: MAJI, CHAKULA NA MAVAZI

Muuguzi alielekeza kwamba maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, barafu iachwe kabisa, chakula kiliwe kikiwa cha moto, na tunda umenye mwenyewe. Nguo ziwe nyepesi, za mikono mirefu, hasa kuanzia jioni. Bwana Pasi aliuliza kama suti yake ya sufu, yenye mikono mirefu, inafaa. Muuguzi alimjibu, "Utaiva humo ndani, baba."

KUMB. NA. 3/7: VYANDARUA

Mwezi uliopita vilinunuliwa vyandarua sita vilivyotiwa dawa kiwandani, akakabidhiwa Bwana Pasi avitunze. Bwana Pasi aliarifu kwa furaha kwamba viko tayari, akavitandaza juu ya meza. Muuguzi alishika kimoja, akakinusa, akauliza kimefanywa nini.

Bwana Pasi alieleza kwamba vilikuja vimekunjamana na vina harufu kali, naye akaona ni aibu mafundi kwenda ugenini na kitambaa cha namna ile. Kwa hiyo aliviloweka siku mbili kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akavisuuza mara tatu, akavitia wanga, akavipiga pasi ya uvuguvugu, na kuvishonea lesi pembeni.

"Baba," Muuguzi alisema, "ile harufu ndiyo dawa yenyewe."

"Lakini si vimenyooka?" Bwana Pasi aliuliza.

Fundi Vifungo alicheka mpaka akatoka nje. Mwenyekiti hakucheka. Alisisitiza, tena kwa sauti iliyosikika ghorofa ya kwanza, kwamba watu hufa kwa malaria huku wengine wakishonea lesi.

Mshona Magauni, ambaye hakuwa amesema neno tangu aketi, aliuliza kama mtu akilala ndani ya chandarua kizuri, akajifunika na kumeza vidonge vyote vya kinga, bado anaweza kuugua. Muuguzi alijibu kwamba hatari inapungua sana, ila haiishi. "Kwa kila mtu?" aliuliza. "Inategemea ni nani," Muuguzi alijibu, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Katibu aliliandika swali hilo bila kujua anaandika nini.

Iliazimiwa: Vinunuliwe vyandarua vipya, vibaki kwenye mifuko yake, na Bwana Pasi asivisogelee.

KUMB. NA. 4/7: KADI ZA CHANJO

Katibu aliweka mezani bahasha yenye kadi sita za chanjo ya homa ya manjano. Muuguzi alieleza kwamba chanjo hiyo huchomwa angalau siku kumi kabla ya kufika, na asiye na muhuri anaweza kurudishwa uwanja wa ndege. Aliomba azione. Katibu alisema hakuna haja, zimeshahesabiwa. Muuguzi alisema kuhesabu si kusoma.

Inakubaliwa hapa kwamba Katibu alizihesabu kwa majalada tu, kama anavyohesabu vipande vya pazia, bila kufungua hata moja. Kosa ni lake na ameliandika kwa mkono wake.

Muuguzi alizifungua moja moja. Ya sita aliifungua, akaifunga, akaifunika kwa kiganja. Alisema kadi ni sita lakini sindano ni tano, na kwamba atazungumza na mwenye kadi faraghani. Alipobanwa amtaje, alijibu, "Siri ya mgonjwa siitoi kwenye meza ya kamati."

Hapo pakachafuka. Bwana Pasi, ambaye alikuwa anatafuta wa kumpokeza lawama, alisema ni Fundi wa Viraka, kwani huyo akijichoma hata na sindano ya cherehani huzimia. Mwenyekiti alipendekeza jina la fundi huyo likatwe kwenye orodha ya safari leo hii. Fundi Vifungo aliunga mkono. Katibu naye aliunga mkono, akaongeza neno "mwongo", ambalo sasa analifuta. Kalamu ilikuwa tayari juu ya jina.

Mshona Magauni alisimama. "Msimkate. Alichomwa, mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Kadi tupu ni yangu."

Katibu alimuuliza ilikuwaje.

"Walikataa kunichoma, Mama. Nina mimba ya miezi mitano."

Bwana Pasi alisema, "Hongera!" Akatazama nyuso za watu, akasema, "Pole."

Katibu hakuwa anajua. Cherehani ya binti yake ni ya tatu kutoka yake. Anamwona kila siku ya Mungu. Yale magauni mapana alidhani ni mtindo. Mwaka jana Mshona Magauni alipoteza mimba ya miezi minne, na aliyelala naye hospitali siku tano, kwenye kiti cha plastiki, ni Katibu.

Mwenyekiti hakuonyesha kushangaa. Katibu aliuliza, kwa utaratibu, iwapo Mwenyekiti alikuwa na habari. Mwenyekiti alijibu kwamba jambo hilo halimo kwenye ajenda. Katibu aliuliza mara ya pili, bila utaratibu. Mwenyekiti alikiri kwamba anajua tangu mimba ikiwa ya miezi miwili, kwa kuwa wanaishi nyumba moja na alimsikia akitapika, na aliombwa asimwambie mtu.

"Ungemfungia ndani, mama mwenzangu," alisema. "Unajijua."

Katibu alijibu maneno ambayo Mwenyekiti ameomba yasiandikwe. Hayakuandikwa kwa sababu karatasi haitoshi.

KUMB. NA. 5/7: KUSAFIRI AU KUTOSAFIRI KWA MSHONA MAGAUNI

Mshona Magauni alieleza kwamba alinyamaza kwa woga. Alisema mwaka jana watu walikuwa wakimtazama tumbo kabla ya kumtazama usoni, na mimba ilipotoka wakaacha kumtazama kabisa. Gauni alilianza wiki aliyotoka hospitali. "Ndilo lililoninyanyua kitandani. Sasa mnataka nilipungie mkono?" Alikusudia kuomba barua ya daktari ya kueleza kwa nini hakuchanjwa, asafiri nayo.

Muuguzi, baada ya kuruhusiwa na mwenyewe, alisema barua hiyo huandikwa, na huenda ikampitisha uwanja wa ndege. "Lakini mbu hasomi barua, mdogo wangu." Alifafanua kwamba malaria kwa mjamzito inaweza kumchukua mama, mtoto, au wote wawili, kwamba si kila kidonge cha kinga kinamfaa, na kwa homa ya manjano angekwenda bila kinga yoyote. Alisema hawezi kumkataza. Angekuwa ndugu yake wa damu, angemshika nguo.

Mwenyekiti alipendekeza kura ipigwe. Katibu alipinga, akasema tumbo la mtu halipigiwi kura. Mwenyekiti alikubali. Ni mara ya kwanza katika vikao saba.

Mshona Magauni aliachiwa aamue. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa meza hadi kwenye pembe. Mwishowe alisema, "Nitabaki." Akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotulia alitoa sharti moja, kwamba gauni alipeleke mama yake. Mgongoni lina vishikizo kumi na vinane vya kufichwa, na wanaojua kulifunga ni wao wawili tu. Katibu alikataa. Alisema mume wa binti yake yuko barabarani na lori hadi mwisho wa mwezi ujao, na yeye hawezi kwenda kumfunga mwanamitindo vishikizo huku mwanawe yuko peke yake katika hali kama hii.

Mwenyekiti aliomba jina lake yeye ndilo likatwe kwenye orodha ya safari. Alisema atabaki nyumbani, atalala chumba kimoja na mke wa mwanawe, atampeleka kliniki, na atapiga simu asubuhi na jioni, awe na la kusema au asiwe nalo.

"Nikikuficha tena," alimwambia Katibu, "uje umchukue mwanao. Sitasimama mlangoni."

Katibu aliichukua kalamu. Kisha alikata jina la Mwenyekiti kwa mstari mmoja, akaliandika upande wa wanaobaki. Suala la kusamehe halikujadiliwa. Lina siku yake.

Iliazimiwa:
(a) Mshona Magauni na Mwenyekiti wabaki. Katibu asafiri na gauni.
(b) Katibu ajifunze upya vishikizo vyote kumi na vinane, mbele ya aliyevishona.
(c) Katibu amwendee Fundi wa Viraka na kumwomba radhi.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alitangaza kikao kimefungwa saa kumi na dakika kumi. Kabla watu hawajainuka, Mshona Magauni alijishika ubavu ghafla na kuguna. Kila mtu alisimama. Kiti cha Bwana Pasi kilianguka. Muuguzi alimfikia wa kwanza, akamuuliza anaumwa wapi.

Alisema haumwi. Mtoto anacheza tu, ameanza tangu juzi. Yule wa mwaka jana hakuwahi.

Aliuchukua mkono wa Katibu akauweka pale. Akauchukua na wa Mwenyekiti, akauweka juu yake.

Kuanzia hapo hadi saa kumi na nusu hakuna kumbukumbu. Katibu hakuwa na mkono wa kuandikia.

Zimethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Mwenyekiti: (saini)

Katibu: (saini)