Kura Niliyopiga Kule Kwenye Ng'ombe

Jumatatu, 3 Machi

Nisamehe, daftari. Tangu Amani azaliwe sijakugusa, na sasa anatambaa. Sababu ni uchovu tu.

Nimetoka ghalani saa tisa mchana. Nimemnyonyesha, nimeweka maharagwe motoni, nimemsuka Ria upande mmoja wa kichwa. Upande wa pili kesho.

Nilikuwa natafuta karatasi ya chanjo ya Ria. Shule yake hapa Haltom City inaitaka. Kwenye bahasha ya zamani nikakuta karte, kadi yangu ya kupiga kura. Ya kule kwenye ng'ombe, ule mji mdogo ambako mimi na mume wangu Bahati tulikata nyama kiwandani tulipofika Marekani. Nikaketi sakafuni nayo mkononi.

Usaili wangu wa uraia ni tarehe 2 mwezi ujao. Fomu iliuliza: umewahi kujiandikisha au kupiga kura nchi hii? Ndugu wa kanisani aliyenijazia aliweka hapana. Hakuniuliza. Miye nikasaini.

Jumanne, 4 Machi

Nieleze pole pole, labda nitajielewa.

Kwetu Uvira karte ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Bila hiyo hupiti kizuizi cha askari, hununui hata laini ya simu. Yangu niliipata nikiwa na miaka kumi na nane. Kitu changu cha kwanza chenye picha yangu. Sasa kule kwenye ng'ombe, kwenye ofisi ya leseni ya gari, yule mama wa dirishani akaniuliza jambo, akasogeza karatasi. Nikasema yes. Siku hizo kila kitu nilikuwa nasema yes. Karte ilipokuja kwa posta nilipika wali na nyama. Nikajiona sasa niko mtu.

Siku ya kura nikaenda, maana mwenye karte anaenda. Ukumbi wa shule, harufu ya viatu vya mpira. Nilimtolea mzee wa mezani kidole anipake wino. Akacheka, akanipa stika ya bendera. Ria alikuwa bado mdogo, aliing'ang'ania mpaka ikachanika.

Hakuna aliyenizuia wala kuniambia kura hapa ni ya raia tu. Hata mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Bahati baada ya ibada, ndani ya gari, watoto wamelala nyuma.

"Mama Ria, choma hii kitu. Nani atajua?"

"Na kompyuta ya serikali, utaichoma pia?"

Akawasha gari. Yeye hakuwahi kuandikishwa. Siku yake ya leseni, mkalimani wa kiwandani alimsindikiza. Mimi nilikwenda peke yangu kwa sababu nilijiona mjanja.

Watoto wamezaliwa hapa. Mwenye kurudishwa ni mimi. Amani bado ananyonya.

Jumamosi, 15 Machi

Houston na kurudi, siku moja. Mama Njeri, nesi Mkenya tuliyesali naye kabla hajahamia Katy, karibu na Houston, alitupeleka kwa wakili mmoja mtaa wa Alief, juu ya duka la unga wa muhogo. Barabarani alinigombeza kama dada mkubwa.

"Wewe msichana! Umepiga kura kuliko mimi, na mimi nina pasipoti ya hapa!"

Nikacheka. Halafu nikalia. Akanipa tishu, akaendelea kugombeza.

Wakili hakuchezea maneno. Kupiga kura kabla ya uraia kunaweza kukutoa nchini, hata kama hukujua. Lakini tuone kwanza ile karatasi ya leseni, maana ofisi ile huandikisha na wapiga kura. Kama kwenye kisanduku cha uraia niliweka hapana, na ofisi ikaniandikisha tu, kosa lina mwenyewe mwingine. Kama niliweka ndiyo, hali ni mbaya. Mimi sikumbuki. Nimejaribu mpaka kichwa kinauma. Naona kalamu imefungwa kwa uzi. Kisanduku sikioni.

Tumeandikia kaunti tukiomba kila kitu chenye jina langu, na jina lifutwe kwenye orodha ya kura. Wakili ataomba usaili usogezwe.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna barua. Nimemfokea Ria kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika. Alifuta mwenyewe. Hilo limeniuma kuliko yote. Nikamkumbatia, nikamwambia maziwa ni maziwa. Lakini kufuta nikamwacha amalize.

Tarehe ya usaili bado ni ile ile.

Jumatano, 26 Machi

Bahasha ya kaunti. Nimeifungua nimesimama.

Ukurasa wa kwanza: jina langu, tarehe ya kuandikishwa, na mstari mmoja. Amepiga kura. Kwa hiyo iko kwenye kumbukumbu zao.

Kurasa zingine nadhani karani aliweka kwa kukosea. Matokeo ya kiti cha bunge la jimbo kwa eneo lile, uchaguzi baada ya uchaguzi. Nimezisoma zote, Amani mgongoni. Jina moja. Jina lile lile. Pembeni: bila mpinzani. Kabla yake mwingine, naye bila mpinzani. Mara moja tu, zamani, walikuwa wawili, na yule wa pili alipata kura chache za huruma.

Nikafika mwaka wangu. Jina moja. Sasa nakumbuka ile karatasi ya kura. Kwenye kiti hicho palikuwa na kisanduku kimoja, nikadhani ni maagizo, nikakijaza vizuri nisichafue.

Nimewaweka watoto wangu hatarini kwa mtu ambaye angeshinda hata mji mzima ungelala. Hasira sina pa kuiweka.

Fomu ya leseni haimo.

Ijumaa, 28 Machi

Wakili amepiga simu. Usaili umesogezwa, tarehe watatuma. Bahati ameuliza kama siku ikifika nitasema hapana, sikupiga kura. Nimemwambia mara ya kwanza nilisema bila kujua, ya pili nitakuwa najua. Sitafanya hivyo. Akachukua kitana, akamshika Ria kichwa nimsuke upya, pande zote mbili.

Mvua ndogo. Watoto wako sawa. Vitu ninavyongoja nitumiwe:

Nakala ya fomu ya leseni, mbele na nyuma, kisanduku cha uraia kisomeke.

Barua ya kaunti kwamba jina langu limefutwa, iwe na muhuri na tarehe.

Barua ya ndugu wa kanisani kwamba alinijazia bila kuniuliza. Amekubali, hajaandika.

Tarehe mpya ya usaili.

Karatasi ya chanjo ya Ria, kutoka kliniki ya kule kwenye ng'ombe.