Picha za Roma Ulizojibu Ukiwa Umezikwa

Baba,

Sikuamkii. Ningekuwa mbele yako usingekubali. Ungenitazama tu, kimya, mpaka adabu inirudie. Leo nitazame upendavyo. Nina hasira na wewe, na nitaanza na hiyo.

Rafiki yangu Veneranda aliponitumia tiketi nikamtembelee Roma, ulifurahi kuliko mimi. Ulimwambia kila mtu hapa Tlawi, hata waliokuja kuuliza habari za ng'ombe. "Nenda ukanitazamie," ulisema. Ulikuwa na kikohozi. Ukasema ni vumbi la kupiga maharage.

Basi nikakutazamia. Veneranda na mumewe walinizungusha mpaka miguu ikavimba: magofu, makanisa, daraja lenye malaika wa mawe. Kila nilipopiga picha niliituma kwa kaka Paskali, maana simu yako ni ya kitochi. Majibu yalikuja upesi. "Baba anasema ukuta huo umejengwa na watu wenye subira." Siku chache baadaye, "Baba anauliza, hao wote wanalima wapi?" Nilicheka kwa sauti katikati ya watu. Siku ile nzima, kila tulipoona jumba kubwa, mimi na Veneranda tuliulizana: wanalima wapi?

Kesho yake tulipanga foleni kanisani kumwona mtakatifu aliyelazwa ndani ya kioo, mzee wa watu, amevalishwa viatu vyekundu. Zamu yangu ilipofika nikainama, na mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo." Mlinzi akanikodolea macho. Veneranda akanivuta mkono huku akijizuia kucheka. Nikatuma picha na kisa chote. Jibu lilikuja jioni: "Baba anasema umefanya vizuri, huyo ni mkubwa wako."

Baba, jioni hiyo ulikuwa umeshazikwa.

Paskali alinipokea stendi ya Mbulu akiwa amenyoa kichwa. Alichukua mzigo wangu akatangulia njia. Nilipofika nyumbani maua ya kaburi yalikuwa yamesinyaa. Majirani walikuaga, wajukuu walikuaga, hata yule mzee mliyegombania naye mpaka wa shamba alikuaga. Mimi saa hizo nilikuwa kwenye foleni, namwamkia maiti wa watu.

Mama anasema wewe ndiye uliyekataza nisiambiwe. "Mwacheni atembee, akirudi atanikuta." Atanikuta! Baba, nimekukuta wapi?

Na Paskali sikumsemesha. Tulikamua ng'ombe zizi moja tumepeana mgongo. Nilikuwa na swali moja tu na nililiogopa: katika majibu yale, lipi lilikuwa lako? Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nikamwekea simu mkononi nikamwambia anionyeshe. Akapitisha kidole polepole. Ukuta, ndiyo, huo uliuona mwenyewe. Walikuegemeza kwenye mito, ukaomba picha ikuzwe.

"Na la kulima?"

Akatikisa kichwa. "Hilo ni langu. Nilikuwa natoka kuchimba kaburi. Nilijua angeuliza hivyohivyo."

Kisha akalia, Baba. Paskali wetu, ambaye hata fahali alipomvunja mkono alitukana tu. Nilitaka kumpiga. Neno lile nilirudi nalo kutoka Roma kama zawadi yako kwangu, kumbe ni lake. Lakini alivyolisema pale, kichwa upande, sauti chini, nilikusikia wewe kabisa, na sikuweza kuinua mkono. Nikakaa naye kwenye gogo mpaka alipomaliza kulia. Nikaanza mimi.

Hasira haijaisha, nisikudanganye. Ungeniita ningekuja, hata kama ni kufika tu na kukushika miguu.

Kesho mimi na Paskali tunaanza kukujengea ukuta wa mawe kuzunguka kaburi, ng'ombe wasikukanyage. Subira tutaitafuta hukohuko kazini. Nami nakuahidi: kila nitakaposafiri nitapita hapo kukuaga, na nikirudi nitakuamkia wewe kwanza, kabla sijaweka mzigo chini.

Nimeshasema yangu. Pumzika sasa.

Shikamoo, Baba.

Nimeinua kalamu kidogo, kwa mazoea, nikisubiri uitikie.

Mwanao,
Magdalena